Maji ya moto na ya baridi, yapi yanaganda mwanzo? Kazi ya likizo ya binti imetukwamisha (na swali moja la kemia)

#1 BabaWawili_Kinyerezi (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, karudi likizo na rundo la maswali ya fizikia na kemia. Mengi kayamaliza mwenyewe, ila mawili yamegawa nyumba. Mimi nilisoma HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza), msinicheke.

Fizikia: vikombe viwili vinavyofanana vina maji ujazo sawa, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 90. Vinaingizwa kwenye friza kwa wakati mmoja. Kipi kitaanza kuganda? Toa sababu. (alama 4)

Kemia: una sentimeta za ujazo 25 za myeyusho wa sodiamu kaboneti wa mola 0.1. Utahitaji ujazo gani wa asidi hidrokloriki ya mola 0.2 kuumaliza?

La kwanza binti anasema ya baridi. Mama yake anauza barafu za ukwaju hapa nyumbani na anaapa kwamba ya moto yanatangulia. La pili binti kapata 12.5, rafiki yake wa darasani kapata 25, na kila mmoja hataki kushuka. Karibuni wajuzi.

#2 Kipara_Ngoto
Nimekaa paleee, nasubiri wasomi.

#3 DogoWaPCM
La kemia ni jepesi mkuu. M1V1 = M2V2 (M ni mola, V ni ujazo). 0.1 mara 25 gawanya kwa 0.2 unapata 12.5. Mpe binti hongera.

La fizikia ni ya baridi. Hata halihitaji hesabu. Maji ya nyuzi 90 lazima yapite kwenye 35 kabla ya kufika sifuri, na yakifika hapo wenzake wameshasonga mbele. Yatawakutaje?

#4 Mwl_Bureti
DogoWaPCM umekimbilia fomula kabla ya kuandika mlingano. Kaboneti moja inakula asidi mbili:

Na2CO3 + 2HCl → 2NaCl + H2O + CO2

Moli za kaboneti: 0.1 × 0.025 = 0.0025. Moli za asidi ni mara mbili yake, 0.005. Gawanya kwa 0.2 unapata 0.025 za desimeta ya ujazo, yaani sentimeta za ujazo 25. Rafiki wa binti yuko sahihi.

Hili kosa nasahihisha kila mwaka. Ile M1V1 = M2V2 ni ya kuongeza maji kwenye myeyusho. Kwenye titresheni (kumimina asidi tone kwa tone mpaka imalize kaboneti) lazima uwiano wa moli uingie.

#5 DogoWaPCM
Mwalimu, hapo umenipiga kwa kiboko cha darasani kabisa 😂

#6 Shangazi_Lushoto
Jamani, yaani swali la fizikia limefika posti ya sita hakuna aliyemtaja Erasto Mpemba? Huyu ni wa kwetu! Mwaka 1963, kijana wa kidato cha tatu (kama binti wa mleta uzi), walikuwa wakitengeneza aiskrimu shuleni. Wanachemsha maziwa na sukari, wanasubiri yapoe, ndiyo yanaingia kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania. Mpemba akaogopa kukosa nafasi, akaingiza yake ya moto. Ikaganda kabla ya ile ya mwenzake ambaye hakuchemsha kabisa. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amejichanganya, haiwezekani.

Dunia nzima leo inaita hali hiyo kwa jina lake. Mama wa barafu ameshinda.

#7 Mzalendo_Halisi
Hiyo ilitokea Mkwawa, Iringa, shangazi. Nimesoma pale najua.

#8 Shangazi_Lushoto
Mkwawa alikwenda baadaye, kwa kidato cha tano na sita. Aiskrimu ilikuwa Magamba, huku kwetu Lushoto. Msitunyang'anye.

#9 Mwl_Bureti
Wote mna kipande. Magamba ndiko alikoona. Mkwawa ndiko alikomuuliza Dokta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipokwenda kutoa mhadhara. Wenzake wakamcheka ukumbini. Osborne hakucheka, aliporudi Dar aliagiza jaribio lifanywe, na likatoa kile alichosema kijana. Wakaandika pamoja makala iliyotoka 1969 kwenye jarida la Physics Education.

Na mleta uzi, tazama namba za swali lako. Mpemba alimuuliza Osborne kuhusu maji ya nyuzi 35 na nyuzi 100. Mtunzi wa swali anajua anachofanya, hiyo 35 hakuiokota barabarani.

#10 Kipara_Ngoto
Kwa hiyo jibu ni ya moto, uzi ufungwe?

#11 Injinia_wa_Kapa
Usifungwe. Kusema "Mpemba" hakumpi binti alama 4, sababu bado haijatoka. Fanyeni hesabu kwanza. Chukua gramu 100 kila kikombe.

Kikombe cha 35 kushuka hadi sifuri: 100 × 4.2 × 35 = jouli 14,700.
Kikombe cha 90: 100 × 4.2 × 90 = jouli 37,800.

Tofauti ni jouli 23,100. Kikombe cha moto kina deni hilo la ziada, na kuganda kwenyewe ni kama jouli 33,400 kwa kila kikombe. Anayesema cha moto kinatangulia atuambie hizo 23,100 zimelipwa na nani.

#12 Dk_Sukari
Zimelipwa na mvuke. Kila gramu ya maji inayovukiza inaondoka na jouli zisizopungua 2,260. Gramu 10 zikivukiza kutoka kikombe cha moto, deni lako karibu lote limeisha, na maji yaliyobaki ya kugandisha ni machache kuliko ya jirani. Mwambie binti aandike uvukizaji.

#13 Injinia_wa_Kapa
Gramu 10 kwa 100 si kidogo, pima kwa mizani kabla ya kuandika. Na Osborne aliliwaza hilo hilo. Akaona maji yaliyopotea ni machache mno kueleza tofauti aliyoipata.

#14 Dk_Sukari
Yake yalikuwa kwenye bika, chombo cha mdomo mdogo. Weka kwenye sinia pana uone.

#15 BabaWawili_Kinyerezi (mleta uzi)
Asanteni sana wakuu. Nimemsomea mama #12, kasema barafu zake ziko kwenye vifuko vya plastiki vilivyofungwa fundo. Huo mvuke unatokea wapi?

#16 Dk_Sukari
🤔

#17 Fundi_Majokofu_Mbagala
Mimi ni fundi wa friji na friza, nijibu ya mama. Muulizeni, friza lake lina ule ukoko wa barafu chini na pembeni? Wengi wanalo, hawayeyushi mpaka mlango ugome kufunga. Ule ukoko unazuia baridi isifike kwenye kitu. Ukiweka kifuko cha moto, kinayeyusha ukoko pale kilipolala, kinazama, kinagusana na bati lenyewe. Halafu yale maji yaliyoyeyuka yanaganda tena na kukishika. Kifuko cha baridi kinabaki kimeelea juu ya ukoko kama mgeni kwenye kiti cha plastiki. Hapo cha moto kikitangulia usishangae.

Ila msizoee. Vitu vya moto vinalifanyisha friza kazi mfululizo na mtanililia mimi na LUKU ya umeme.

#18 BabaWawili_Kinyerezi (mleta uzi)
Ukoko upo, fundi. Na mama kanikumbusha kitu: vile vya moto huwa anavilaza chini kabisa, kwa sababu vikiwa juu vinalainisha vilivyokwisha ganda.

#19 Injinia_wa_Kapa
Mnaona sasa? Mama analinganisha vifuko vya chini na vya juu. Ushahidi wake umekufa.

#20 Shangazi_Lushoto
Ushahidi wa mama aliyesomesha watoto kwa barafu za ukwaju hauwezi kufa, mkuu. Chunga mdomo.

#21 Coast_Girl_MSA
Hamjambo, mimi niko Mombasa. Fundi amesema vizuri lakini ukoko hautoshi, kwa sababu Osborne aliweka vyombo vyake juu ya kipande cha povu la polistairini ndani ya friji. Chini palikuwa pamezibwa, kwa hiyo hakuna cha kuyeyusha ukoko. Bado tofauti ikaonekana. Joto jingi lilitoka kupitia juu, kwenye uso wa maji.

Mimi naenda na mzunguko wa maji yenyewe. Maji ya moto yanazunguka kwa nguvu, ya juu yakipoa yanashuka, ya chini yanapanda. Kwa hiyo uso unabaki na joto kuliko wastani wa kikombe kizima, na usoni ndipo joto linapotoka. Mzunguko ukishaanza hauishi ghafla maji yakifika nyuzi 35. DogoWaPCM pale #3 anadhani maji ya nyuzi 35 yote ni sawa. Yale yaliyotoka 90 yanafika 35 yakiwa bado yanazunguka, yale mengine yametulia tuli.

#22 DogoWaPCM
Hiyo nimeikubali shingo upande. Ni mara ya kwanza mtu kujibu swali langu badala ya kunitajia Mpemba.

#23 Mwarabu_wa_Pemba
Assalaam alaykum. Mnasahau hewa. Maji baridi yana hewa iliyoyeyuka ndani, maji yaliyochemshwa imetoka. Ndiyo maana maji yaliyochemshwa yakapoa hayana ladha. Maji yasiyo na hewa yanaganda upesi.

Halafu kuna chokaa. Maji ya visima vyetu ukiyachemsha yanaacha utando mweupe kwenye birika. Ile ni bikaboneti ya kalisiamu imegeuka kaboneti ikatuama. Ikishatoka, maji yanabaki na vitu vichache vilivyoyeyuka, na kadiri vitu vilivyoyeyuka vinavyopungua ndivyo nyuzi ya kugandia inavyokaribia sifuri.

#24 Mwl_Bureti
Waalaykum salaam. Hewa Osborne na Mpemba waliiondoa kwa kutumia maji yaliyochemshwa, na bado tofauti ikaonekana. Ya chokaa ni hoja nzuri, mimi ningeipa alama moja, ila swali limesema nyuzi 90 tu, halikusema yalichemshwa wala kwamba ni ya kisima.

#25 Mwarabu_wa_Pemba
Basi mnipe hiyo moja.

#26 Mjukuu_wa_Newton
Mmekazana "kwa nini" wakati bado haijathibitika kama "ndiyo". Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walitoa makala kwenye Scientific Reports. Walipima muda wa maji kushuka hadi nyuzi sifuri, wakapitia na majaribio ya wengine, wakasema hawaoni ushahidi kwamba maji ya moto yanapoa upesi kuliko ya baridi. Wakaonesha kwamba ukiweka kipimajoto juu au chini kwa sentimeta moja tu, unaweza kupata "Mpemba" ambayo haipo.

Kwa hiyo binti yuko sahihi: ya baridi.

#27 Shangazi_Lushoto
Ndio walewale. Mwafrika akigundua kitu, baada ya miaka hamsini anakuja mtu na kipimajoto.

#28 Mjukuu_wa_Newton
Shangazi, mimi mwenyewe ni wa Same. Kipimajoto hakina kabila.

#29 Coast_Girl_MSA
Soma tena ulichoandika #26. Wao walipima kufika sifuri. Swali la binti linauliza kuanza kuganda. Ni vitu viwili! Maji yanaweza kushuka chini ya sifuri, hasi nne, hasi sita, na bado ni maji, mpaka kitu kiyachokoze ndipo barafu inaanza. Ikitokea ya baridi yakashuka sana bila kuganda, na ya moto yakaanza kuganda karibu na sifuri, ya moto yanashinda hata kama yalifika sifuri ya mwisho.

Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza, Royal Society of Chemistry, ilitangaza pauni 1,000 kwa maelezo bora ya jambo hili. Majibu yalizidi 22,000. Aliyeshinda ni Nikola Bregović wa Zagreb, na hilo la kushuka chini ya sifuri alilipa uzito pamoja na mzunguko wa maji.

#30 Kipara_Ngoto
Majibu elfu ishirini na mbili na bado tunabishana Kinyerezi. Na mtoto anatakiwa alimalize kwa alama 4.

#31 Injinia_wa_Kapa
Coast_Girl, hiyo ya kushuka chini ya sifuri ni bahati nasibu. Vumbi kidogo, mkwaruzo ndani ya kikombe, mlango wa friza ukibamizwa, matokeo yanageuka. Ukiita hiyo sababu, hata anayepata kichwa kwenye sarafu ana sababu.

#32 Coast_Girl_MSA
Lakini bahati nasibu inaweza kuelemea upande mmoja.

#33 Injinia_wa_Kapa
Kwa nini upande wa moto?

#34 Coast_Girl_MSA
Hapo ndipo waliposhindana watu 22,000 ndugu yangu.

#35 Fundi_Majokofu_Mbagala
Nimechoka na maneno, nimejaribu hapa karakana. Vikombe viwili vya bati, maji ya bomba, kimoja nimepasha. Nimevilaza juu ya kadibodi ili ukoko usiniletee ubishi. Cha baridi kilipata utando wa barafu mwanzo, kwenye ukingo, mwembamba kama karatasi. Cha moto kikafuata.

Kijana wangu akasema tubadilishane nafasi. Tukarudia, cha moto upande wa kulia. Cha moto kikatangulia! Kumbe lile friza upande wa kulia ndio uko karibu na pale gesi inapoingilia. Msiniulize nani mshindi, mshindi ni upande wa kulia.

#36 Mjukuu_wa_Newton
Fundi umefanya kazi safi. Wewe ndiye unayestahili zile pauni.

#37 Dk_Sukari
Vikombe vilikuwa wazi au umefunika? Na ulipima maji yaliyobaki?

#38 Fundi_Majokofu_Mbagala
Daktari njoo karakana uje na mizani.

#39 BabaWawili_Kinyerezi (mleta uzi)
Wakuu mnanifundisha na mnanichanganya kwa pamoja. Binti anasoma hapa pembeni yangu, anauliza: aandike nini?

#40 Mwl_Bureti
Aandike: cha nyuzi 90 kinaweza kutangulia, hali hiyo inaitwa Mpemba. Kisha sababu tatu zenye maelezo: uvukizaji unaopunguza maji na kuchukua joto, mzunguko wa maji unaopeleka joto usoni, na mgusano na chombo au ukoko. Neno "kinaweza" aliweke, lisimtoke.

#41 DogoWaPCM
Na msahihishaji akiwa wa #26? Alama hazitolewi kwa "kinaweza". Mimi ningeandika ya baridi, nikaweka hesabu ya Injinia ya #11. Hesabu hakuna wa kuikata.

#42 Injinia_wa_Kapa
Hesabu yangu haisemi nani anatangulia, inasema nani ana deni kubwa. Usinitumie vibaya.

#43 MtotoWaMjini_2007
Mnajisumbua. Mimi napiga picha swali, naituma kwa akili mnemba, jibu linatoka lote na vichwa vya habari. La Mpemba nimelijaribu sasa hivi, limejibu ya moto, sababu tano.

#44 Mwl_Bureti
La kemia je? Lijaribu, ila mwishoni ongeza "indiketa ni POP" (fenolfthalini, ile ya kubadilika rangi kuonesha mwisho).

#45 MtotoWaMjini_2007
Limesema 25.

#46 Mwl_Bureti
Nilijua. Ngojeni niwaoneshe kitu nilichokificha tangu #4 nione nani atakishika. Kaboneti na asidi zinakutana kwa hatua mbili. Kwanza kaboneti inakuwa bikaboneti:

Na2CO3 + HCl → NaHCO3 + NaCl

Kisha bikaboneti inatoa gesi:

NaHCO3 + HCl → NaCl + H2O + CO2

POP inapoteza rangi yake ya waridi hatua ya kwanza inapoisha. Kwa hiyo bureti (bomba lenye vipimo linalomimina asidi) itasoma 12.5 na mwanafunzi atafunga koki. MO (indiketa nyingine, methyl orange) haisikii hatua ya kwanza, inabaki njano mpaka ya pili iishe ndipo inageuka kuelekea rangi ya chungwa, na hapo ni 25. Myeyusho uleule, asidi ileile, indiketa ndiyo inayokuambia usimame wapi.

#47 DogoWaPCM
KWA HIYO 12.5 YANGU ILIKUWA SAHIHI 🔥🔥 Nilikuwa natumia POP kichwani.

#48 Mwl_Bureti
Wewe ulikuwa unatumia M1V1. Kaa chini.

#49 Mzalendo_Halisi
Mimi shule yetu bureti ilikuwa moja, mwalimu anaishika yeye, sisi tunazunguka meza tunachungulia kwa zamu. Rangi ikibadilika walio nyuma wanaambiwa "imebadilika, andikeni". Mpaka leo sijawahi kuliona lile tone la mwisho kwa macho yangu. Nimepata C kwa imani.

#50 Shangazi_Lushoto
😂😂 C ya imani. Sisi tuliambiwa tukitaka kuuona mwisho vizuri tuweke karatasi nyeupe chini ya flaski na kufungua koki tone kwa tone. Karatasi tulikuwa nazo, flaski ndiyo shida.

#51 Mjukuu_wa_Newton
Mwl_Bureti, swali la mleta uzi limesema "kuumaliza". Kuumaliza ni hatua zote mbili, kwa hiyo 25 tu. Hiyo ya POP ni mbwembwe zako.

#52 Mwl_Bureti
Halikutaja indiketa. Mtoto akija kwenye bureti yenyewe akiwa na POP na 25 kichwani, atadhani kapima vibaya, atapika data. Nimeona wengi wakipika.

#53 Mjukuu_wa_Newton
Swali ni la karatasi, si la maabara.

#54 Mwl_Bureti
Ndiyo maana Mzalendo ana C ya imani.

#55 BabaWawili_Kinyerezi (mleta uzi)
Shukrani wote. La kemia binti kaandika 25 na kaongeza mstari mmoja wa POP. La fizikia kaandika "kinaweza", mama yake kalifuta akaweka "kitatangulia", binti kalirudisha. Nimewaachia wenyewe.

Kuna jingine limetokea ukurasa wa nyuma: jiwe limerushwa wima kwenda juu kwa mita 20 kwa sekunde, litafika juu kiasi gani, na mchapuko wake likiwa kileleni ni ngapi? Mimi nimesema sifuri maana limesimama.

#56 DogoWaPCM
Mita 20 ukichukua g ni 10, linafika kwa sekunde 2. Na mchapuko si sifuri mkuu, ni 10 kwenda chini, kileleni kama kwingineko. Kilicho sifuri pale ni kasi. Mchapuko nao ungekuwa sifuri, jiwe lingebaki hukohuko juu.

#57 Kipara_Ngoto
Sasa hewa je? Jiwe linapita kwenye hewa.

#58 Injinia_wa_Kapa
Kipara, usianze.